Upande wa Mafundo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuandika hata neno moja. Nilifika Kilosa asubuhi, kaptura imepigwa pasi mpaka imekakamaa, kalamu mbili mfukoni, kijana wa milimani mwenye shule ya misheni kichwani na kiburi chake kifuani. Ilikuwa miezi michache kabla ya Uhuru. Nilivyojua mimi, karani wa baraza ni mtu wa mezani: watu wanagombana, yeye anaandika. Hakimu niliyepangiwa kumtumikia, mzee mfupi mwenye kanzu na koti juu yake, alinitazama kuanzia viatu mpaka utosini. Nikamwamkia, akaitika marahaba yake polepole, kisha akasema:

"Vua hivyo viatu. Tunakwenda kuangalia ua."

Ua! Mimi niliyefaulu mitihani yote ya misheni nikaangalie ua wa watu! Nilivua viatu huku nimenuna, tukavuka mto Mkondoa maji yakiwa magotini, tukaingia mashamba ya upande wa pili. Wanaume wawili walikuwa wanatusubiri, majirani wa miaka mingi, na katikati yao ua uliolala chini kipande kirefu, mbuzi wanapita watakavyo. Kila mmoja alisema ua ule ni wa mwenzake, na mwenzake ndiye wa kuusimamisha.

Hakimu mzee hakuwauliza chochote. Alipita kando ya ua, akainama, akashika kamba moja, akashika nyingine, akarudi na kumwambia yule wa kushoto, "Ni wako. Usimamishe." Yule bwana akacheka kwa aibu, akakubali. Kesi ikaisha kabla jasho langu halijakauka.

Ninyi mliozaliwa kwenye kuta za matofali na waya wa seng'enge hamtaelewa, kwa hiyo nieleze. Ua wetu ulikuwa nguzo zilizochimbiwa chini na fito zilizolazwa kukingama nguzo hizo. Kila mahali ufito unapokutana na nguzo, unafungwa kwa kamba ya mkonge. Anayefunga husimama kwake. Hasimami kwa jirani, maana kumkanyagia jirani shamba lake ili ujenge ua wako ni kuanzisha ugomvi mwingine. Basi kichwa cha fundo hubaki upande wa aliyefunga, na upande wa pili inabaki kamba tupu iliyonyooka. Mwenye mafundo ndiye mwenye ua, na mwenye ua ndiye anayeurekebisha. Jambo hilo halikuandikwa mahali popote, lakini wakulima wa tambarare na sisi wa milimani wote tulilifuata, Waislamu kwa Wakristo.

Njiani tukirudi nilimuuliza mzee kwa nini hakuwaacha wale watu waje barazani waseme yao. Alisimama katikati ya maji.

"Mwanangu, mtu akikaa kwenye benchi la baraza hudanganya vizuri sana. Mpeleke mahali penyewe, msimamishe pale pale alipokuwa, uone kama ulimi utakuwa mwepesi. Kesi ya ua usiihukumu umekaa. Ukinisikia nimeihukumu nimekaa, ujue nimezeeka, waambie wanistaafishe."

Maneno hayo niliyashika. Nimeyashika mpaka yakanitoa kwenye kituo changu, na sijutii hata chembe.

Bendera ikabadilishwa, mabaraza ya zamani yakawa mahakama za mwanzo, na mimi nikahamishiwa upande wa Rudewa. Huko kulikuwa na mkonge, mahindi na wafugaji, yaani kila kitu kinachozaa kesi. Ndiko nilikojifunza lugha ya kazi. Anayeshtaki katika kesi ya madai anaitwa mdai, anayeshtakiwa ni mdaiwa. Hakimu hakai peke yake. Pembeni yake wanakaa wazee wa baraza wawili, watu wanaoheshimika, wanasikiliza kesi yote kisha wanatoa maoni yao kabla ya hukumu. Hukumu ikishatolewa, hakimu hana ruhusa ya kuirudia na kuibadili kwa sababu mtu fulani amenuna. Asiyeridhika anakata rufaa, anapeleka shauri juu. Hiyo ya mwisho iwekeni akilini.

Hakimu wangu wa pili alikuwa bwana wa kiti. Vumbi hakulipenda. Kesi za ua zilipokuja aliuliza swali moja tu: "Nani mwenye ng'ombe?" Mwenye ng'ombe akatozwa. Wafugaji walishindwa kila siku, hata pale ambapo ua ulikuwa wa mkulima, mafundo yake yapo, na yeye mwenyewe ameuacha ukaoza. Mara moja nikathubutu: "Bwana Hakimu, tusingekwenda kuangalia mafundo?" Alinitazama juu ya miwani.

"Karani, wewe andika."

Nikaandika, roho inanichemka. Nilijiapiza siku nikipewa kiti kile, kitakuwa kinapata vumbi.

Nikapewa. Baada ya kozi ya uhakimu nilipangiwa mahakama ndogo upande wa Masanze, jengo la bati lenye ukumbi mmoja na benchi nne. Kiti changu kilipata vumbi kweli. Nilikwenda kwenye kila ua uliogombaniwa, kwa baiskeli, kwa miguu, wazee wa baraza nyuma yangu wananung'unika kuhusu magoti yao. Watu wakanipachika jina: Hakimu wa Mafundo. Wengine walilisema kwa heshima, wengine kwa dhihaka, mimi nililipokea lote.

Ndipo ikaja miaka ya vijiji.

Nisieleweke vibaya. Mimi Ujamaa niliupenda. Nililima shamba la kijiji kwa jembe langu mwenyewe, na mke wangu, Mama Neema, alifundisha kisomo cha watu wazima mpaka sauti ikamkauka. Wapo wanaosimulia miaka ile kama ugonjwa mtupu, na wapo wanaoisimulia kama peponi, wote waongo. Ilikuwa miaka ya watu, na watu unawajua.

Kijiji ninachokisema sitakitaja jina. Wajukuu wa wahusika wanaishi pale na hawana kosa. Kilikuwa na zizi la ng'ombe wa kijiji, ng'ombe wazuri wa kulimia, na zizi hilo lilipakana na shamba la mama mmoja mjane, Bi Tatu. Alikuwa mkulima wa tambarare hasa, mwembamba, kanga amejifunga kifuani kama anayekwenda vitani. Shamba lile aliachiwa na mumewe. Yeye na watoto wake watatu walikula kilichotoka pale, na kisipotoka hawakula. Kati ya shamba na zizi ulikuwepo ua mmoja.

Ua ukaanguka. Ng'ombe wa kijiji wakaingia kwenye mahindi ya Bi Tatu, wakala wakashiba, kesho yake wakarudi. Akaenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa ua ni wake, aurekebishe mwenyewe. Akarekebisha kwa miiba na mabua. Ng'ombe dume kiasi kile utamzuia kwa mabua? Mwishowe Mwenyekiti akamwambia kwamba mtu asiyeweza kutunza ua wake hawezi kutunza shamba, na kamati imeona shamba lile liunganishwe na la kijiji. Bi Tatu hakulia. Alitembea mpaka mahakamani kwangu akashtaki kijiji kizima.

Alipoingia nilimwamkia. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha hukumu, lakini naona yule ni mama yangu kwa umri, nikasema "Shikamoo, mama." Akaitika. Kesi ikaanza. Jambo hili dogo nalo baadaye lilihesabiwa miongoni mwa makosa yangu.

Mwenyekiti alikuja amejiandaa. Alikuwa bwana mnene, mcheshi, mjanja wa maneno, si mtu mbaya ukimkuta nje ya cheo chake. Alisimama akasema:

"Bwana Hakimu, sitakuchosha. Wewe ndiye Hakimu wa Mafundo. Mafundo ya ua ule yote yanatazama kwa mdai. Yote, toka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho. Twende ukaangalie. Kwa mila zetu ua ni wake, na anayetakiwa kuurekebisha ni yeye."

Watu waliojaa ukumbini wakaguna. Bi Tatu akaniangalia usoni.

"Ni kweli, baba," akasema. "Mafundo yako kwangu. Lakini wewe uliza yalifikaje."

Miaka yote nilikuwa naringa na mafundo, na sasa mtu ameyachukua mafundo yangu anataka kumnyang'anya mjane shamba. Watu haohao waliokuwa wakituambia kila mkutano kwamba mila za zamani ni ukale, leo mila zimekuwa tamu! Nikaahirisha kesi mpaka kesho yake, nikatangaza kwamba mahakama itakaa shambani, pale pale kwenye ua, na kijiji chote kije.

Walikuja. Hakuna aliyetaka kukosa. Nikapita kando ya ua, wazee wa baraza wakinifuata. Mwenyekiti hakusema uongo: vichwa vya mafundo vyote vilitazama mahindi ya Bi Tatu, yale yaliyobaki. Upande wa zizi kamba zilikuwa zimenyooka. Fundo la nguzo ya kwanza lilikuwa la kamba ya manila ya buluu, mengine yote ya mkonge.

"Bi Tatu," nikauliza, "ua huu ulijenga wewe?"

"Mimi? Na mikono mingapi?" Watu wakacheka. "Ulijengwa na kijiji, siku ya kuzindua zizi. Ng'ombe walikuwa wameshaletwa, wamo ndani wamefungwa kamba, na zizi limejaa matope na mavi. Mgeni rasmi alikuja na viatu vinang'aa. Akaombwa afunge fundo la kwanza. Akaangalia yale matope, akazunguka akaja kusimama kwangu, pakavu, kwenye kunde zangu. Alipokwisha kusimama yeye pale, nani mwingine angekwenda kusimama kwenye mavi? Kijiji kizima kikaja kwangu. Wamenikanyagia kunde zote, na mimi nikawapikia uji."

Mnaona lilivyotokea? Hakuna aliyepanga kumdhulumu siku ile. Mkubwa kasimama pale, basi wote wakasimama pale. Ni kosa la sisi watu tunaoogopa kusimama mahali ambapo mkubwa hakusimama, na kosa hilo likakaa kwenye ua likisubiri mtu wa kulitumia.

Nikamgeukia Mwenyekiti. "Ni kweli?"

"Mimi sikumbuki, Bwana Hakimu. Siku ile kulikuwa na watu wengi."

Nikauliza wengine. Huyu hakuwepo, yule alikuwa anaumwa, mwingine alifika wakati wa uji tu. Watu walikuwa wanaangalia vidole vya miguu yao. Sikuwalaumu sana. Ambaye angesema ukweli pale angekuwa anamshuhudia vibaya Mwenyekiti anayemgawia kazi na shamba, na nyuma ya Mwenyekiti yupo yule mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye kila mmoja alijua ni nani pale wilayani. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wangu amesimama katikati ya Mkondoa. Mafundo yalikuwa yameniambia wapi wafungaji walisimama. Nilichotakiwa ni kuwasimamisha.

"Sitaki ushahidi wa mdomo," nikasema. "Fundo lisilo na mwenyewe hapa halipo, na kila mtu anajua mkono wake. Kama kuna mtu alifunga fundo kwenye ua huu, aende akasimame alipokuwa amesimama. Asiseme kitu. Asimame tu."

Jua linachoma. Mzee wa baraza mmoja akaninong'oneza, "Bwana Hakimu, tutaaibika." Nikamwambia potelea mbali, tutaaibika tukiwa tumesimama.

Wa kwanza alikuwa Mama Pili, muuza togwa, mama wa maneno mengi ambaye wakati ule hakusema hata moja. Alijifunga kanga vizuri, akaingia shambani kwa Bi Tatu, akaenda mpaka karibu na mwisho wa ua, akainama akalikagua fundo, akasogea nguzo moja zaidi, akasimama. Akakunja mikono. Kisha akaja kijana mmoja anayetumia mkono wa kushoto. Fundo lake lilikuwa limepinda kinyume na mengine, na alilikuta bila taabu. Kisha wakaja wawili, kisha watano, kisha sikuweza tena kuwatazama mmoja mmoja. Waliingia wakipishana kwa uangalifu wasikanyage mahindi yaliyobaki, kila mtu akitafuta nguzo yake, wengine wakisukumana kidogo, "Hapo ni pangu, wewe sogea." Mke wa Mwenyekiti naye alikwenda akasimama kwenye nguzo ya tatu, akamwangalia mumewe moja kwa moja. Mwenyekiti alijifuta jasho. Akatukana kidogo kwa sauti ya chini, akaenda akasimama nguzo ya pili.

Ua mzima ulikuwa na watu, upande mmoja, bega kwa bega. Upande wa zizi walikuwepo ng'ombe peke yao, wanatafuna. Nguzo ya kwanza, ile ya manila ya buluu, haikuwa na mtu.

"Hapa alisimama nani?" nikauliza.

Mama Pili akachoka kunyamaza. "Hapo alisimama mgeni rasmi."

Nikasema kwa sauti huku naandika: nguzo ya kwanza, mgeni rasmi, hayupo. Watu wakaangua kicheko, hata Mwenyekiti mabega yakamtikisika.

Wazee wa baraza walitoa maoni yao pale pale, na mimi nikatoa hukumu nimesimama. Nilisema: mafundo yanaonyesha ua ni wa aliyefunga. Waliofunga ni hawa, na hawa ni kijiji. Walisimama kwa jirani kwa sababu ya matope yao wenyewe, na matope yao hayawezi kumfanya jirani awe mwenye ua. Ua ni wa kijiji. Kijiji kitaurekebisha leo na siku zote utakapoanguka, na shamba la Bi Tatu lisiguswe.

Bi Tatu alisema, "Haya," basi. Kisha akaketi palepale kwenye matuta yake.

Wito haukuchelewa. Mkubwa wa wilaya, cheo chake kamili nakiacha, alinipokea akiwa amekaa, na kiti kingine hakikuwepo.

"Umeniandika mimi kwenye kesi ya ng'ombe?"

"Nimeandika mgeni rasmi, mzee."

"Mgeni rasmi nilikuwa mimi!"

"Basi, mzee, wewe ndiye unayesema. Mimi jina sikutaja."

Alipiga meza. Akasema nimekidhalilisha kijiji, nimesimamisha wananchi juani kama wezi, nimemwamkia mdai mbele ya umati, nimefanya kijiji kizima kishindwe na mwanamke mmoja. "Unajua hiyo inaitwaje?"

"Inaitwa hukumu, mzee."

"Unaupinga Ujamaa!"

Hapo sikumung'unya maneno. Kifua kilikuwa kimenijaa. Nikamwambia, "Mzee, ua ule umejengwa na wote. Mimi nimesema wote waurekebishe. Anayesema mjane mmoja abebe mzigo wa kijiji kizima, huyo ndiye aulizwe habari za Ujamaa."

Aliacha kupiga meza. Kisha akashusha sauti, akaniambia kirafiki kabisa niirudie ile hukumu, niseme nilikosea kusoma mila, mambo yaishe, na mimi nina watoto wadogo. Nikamjibu kwamba hukumu ikishatoka mdomoni mwa hakimu si mali yake tena. Rufaa ipo, kijiji kikate rufaa, hakimu mkubwa kuliko mimi aje. "Lakini na yeye atakwenda kuangalia ua," nikasema, "na nguzo ya kwanza bado haijapata mtu."

Rufaa haikukatwa.

Barua ya uhamisho ndiyo iliyokuja. Mikumi. Wakati ule Mikumi kwetu ilikuwa mahali pa kumpeleka mtu ili asahaulike, barabara, vumbi na wanyama. Nilirudi nyumbani nikitafuta namna ya kumweleza Mama Neema, nikamkuta anafunga sufuria kwenye gunia.

"Mizigo nimeanza kufunga tangu ulipoitwa," akasema. "Nilijua utakwenda kujibu."

"Unanilaumu?"

"Nitakulaumu ukirudi umenywea. Hebu shika huku, kaza kamba."

Tulipanda lori na godoro letu na kuku wetu. Barabara ilipita karibu na kijiji kile, na nilimwomba dereva apunguze mwendo. Walikuwa kwenye ua. Mama Pili, yule kijana wa mkono wa kushoto, mke wa Mwenyekiti, watu kama thelathini hivi, wanasimamisha nguzo na kufunga fito mpya. Walikuwa ndani ya zizi. Wamezama kwenye matope na mavi mpaka kwenye mashavu ya miguu, ng'ombe wanawapumulia migongoni, wanafunga mafundo upande wao. Hakuna mkubwa aliyewaamuru wasimame pale. Mama Pili aliliona lori, akaniinulia mkono wenye matope mpaka kwenye kiwiko. Mama Neema akaanza kulia, na mimi sikujifanya mwanaume sana.

Mikumi nilikaa miaka mingi, na mwenye kudhani niliadhibiwa amekosea. Kesi za ua zilinifuata hata huko. Majirani wawili waliwahi kuja, tembo amepita katikati ya ua wao, kila mmoja anasema tembo aliingilia kwa mwenzake. Mkubwa wangu wa huko, Hakimu wa Wilaya aliyekuja kukagua, aliniuliza kwa mzaha kama nitamsimamisha tembo alipokuwa. Nikamwambia tembo hana haja, nyayo zake zimeshasimama. Tukaenda tukaziangalia, alikuwa amepita kwa urefu wa ua, akaubomoa wote toka mwanzo mpaka mwisho bila kumpendelea mtu. Nikawapa nusu kwa nusu, wakaridhika, tukanywa chai kwa mmoja wao.

Siku ya kuniaga kazini, msemaji alinisifu kwa mengi, kisha akasema kwamba mzee wetu alikuwa na msimamo, "wakati mwingine kupita kiasi," na laiti angekuwa mlaini kidogo angefika mbali. Watu wakapiga makofi ya adabu. Niliposimama nikasema nashukuru, ila kuna mbali nyingine sikutaka kufika. Hotuba yangu ilikuwa hiyo. Soda ziliendelea kunyweka.

Siku hizi vijana wa sheria wananijia na kompyuta zao, wananiuliza hukumu ile ilisimama kwenye kifungu gani. Nawaambia ilisimama kwa miguu ya watu, shambani, juani. Wanatabasamu, wanadhani babu anapiga soga. Haya, tabasamuni. Mkinirudisha kwenye kiti kile kesho asubuhi, na mkubwa yuleyule, na meza ileile ipigwe, nitahukumu vilevile, na safari hii mgeni rasmi nitamwandika jina.

Mwaka juzi nilikuwa Kilosa kwa matibabu, nikaona nipite nimwamkie Bi Tatu. Yu hai, amekuwa mdogo kama mtoto, kanga bado kifuani. Ng'ombe wa kijiji waliisha zamani, zizi limekuwa uwanja wa mpira. Nikaukuta ua umesimama, nguzo mpya, kamba mpya za nailoni. Nikashangaa, nikamuuliza nani anaushughulikia.

Akacheka, jino moja mbele. Akasema kila nguzo inapoanguka anashika fimbo yake, anakwenda mpaka ofisi ya kijiji, anasimama mlangoni na kuwaambia, "Ua wenu umeanguka." Viongozi wamebadilika mara nyingi. Hawa wa sasa ni vijana, wanalalamika, "Lakini bibi, ng'ombe hawapo tangu sisi hatujazaliwa!"

"Unawajibuje, mama?"

"Nawaambia ng'ombe wamekufa, hukumu haijafa. Wanaguna, halafu wanakuja."

Nikautazama ua toka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho. Upande wetu, kwenye kunde zake, kamba zilikuwa zimenyooka, hakuna hata fundo moja.